Saa Tatu Ikawa Saa Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mpole amepewa likizo. Siku kumi! Mimi nimenyimwa. Meneja kasema waandishi wa programu tuko wawili tu, hatuwezi kuondoka pamoja, na mwenzangu kawahi kuomba. Kawahi kwa muda gani? Dakika arobaini. Dakika arobaini! Na mimi nilikuwa nimekwama kwenye kikao cha meneja huyo huyo.

Dada yangu anajifungua wiki ijayo, nilimwahidi nitakuwa naye. Nimempigia. Kasema si kitu, mdogo wangu, kazi ni kazi. Hiyo "si kitu" yake naijua. Ina mafundo.

Jumanne, 5 Machi

Mpole kaja na simu mpya. Ya kukunja, kama barua. Ofisi nzima imemzunguka. Dada wa mapokezi kaomba aikunje mwenyewe, mara tatu. Nikasema kinachokunjwa hakikawii kuvunjika. Hakuna aliyecheka. Ana pia saa ya mkononi inayomkumbusha kunywa maji! Mtu mzima, kiu haijui?

(Saa ilipompeleka kwenye maji niliishika ile simu. Nyepesi. Inajifunga kwa mlio mtamu. Nyoo!)

Ijumaa, 8 Machi

Kaondoka. Kaniachia agizo moja: dada, ile sehemu ya saa usiiguse mpaka nirudi, ina utelezi.

Programu yetu huwatumia wagonjwa wa zahanati meseji za kuwakumbusha miadi. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, sisi tunaanza alfajiri. Mpole ndiye aliyeandika sehemu inayogeuza tisa ya kompyuta iwe saa tatu yetu. Mistari sitini. Meneja huisifu kila kikao, utadhani kaandika mtume.

Alipotoka tu nikaifungua. Sitini ya nini? Nimeiandika upya kwa mistari kumi na mmoja. Nimeijaribu kwa miadi miwili ya jioni, ikakubali. Nimeiweka kazini. Jumatatu meneja ataona nani fundi.

Jumatatu, 11 Machi

Jioni ilikubali. Asubuhi sikujaribu.

Wagonjwa thelathini na wanne wa saa tatu wameandikiwa saa tisa. Wamefika daktari keshaondoka. Muuguzi kapiga simu anafoka: kuna bibi hajala tangu jana kwa ajili ya kipimo cha damu, kaanguka pale kwenye benchi. Ameamka. Wamemtundikia dripu.

Meneja kasema, hii si sehemu ya Mpole?

Nikafungua kinywa. Kilichotoka: ndiyo, ni yake.

Basi arudi aitengeneze, kasema, mpigie. Ningeweza kuirudisha ile ya zamani mwenyewe, dakika tano tu. Lakini ningeulizwa nimejuaje. Nikapiga. Kapokea anacheka, nyuma yake binti yake anapiga mayowe — alikuwa anamfundisha baiskeli. Nikamweleza. Kicheko kikakatika. Hakulalamika hata kidogo. "Samahani dada, nimekuachia mzigo."

Samahani! Yeye! Hapo ndipo nilipomchukia hasa.

Dada yangu kajifungua saa nne asubuhi. Msichana. Picha nimeiona sasa hivi.

Jumanne, 12 Machi

Mpole kaingia saa mbili kamili, jicho jekundu. Kavuta kiti karibu yangu, kafungua kumbukumbu za mabadiliko. Kila badiliko lina jina na saa. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika kumi: mimi.

Kalitazama jina. Nami nikalitazama, kama la mtu mwingine.

Nilingoja anipigie kelele. Kasema tu, "Huu mstari wa saba ni mzuri. Mimi sikuufikiria." Kisha akarudisha sitini zake, akajaribu asubuhi, mchana, jioni, usiku. Meneja kapita, Mpole kamwambia imepona. Basi. Neno jingine hakusema.

Hata wema kanizidi! Simu niliweza kuisema vibaya. Hili nitalisemaje?

Saa sita. Zahanati wanataka ripoti: lini, kwa nini, nani. Meneja kampa Mpole aiandike, anataka kuisoma kabla ya chakula cha mchana. Kaandika lini. Kaandika kwa nini, kwa lugha ya upole, "jaribio halikukamilika". Kisha vidole vikasimama.

"Dada," kanong'ona, "hapa kwenye nani, niandike nani?"

Nikasema nakwenda msalani. Nimo humu, daftari juu ya goti, maji yanachuruzika kwenye sinki na siyafungi. Nikitaja jina langu, likizo nitaisikia kwa jirani mwaka mzima. Nikinyamaza, ataandika lake. Namjua. Ataandika, na atakwenda kumalizia siku zake, na nitamwonea wivu na kwa hilo pia.

Mlango unagongwa. Ni yeye.

"Dada? Meneja amekuja. Amesimama mezani kwangu."