Kipande cha Saba

Alhamisi, Randburg

Nimempa funguo za nyumba, sikubishana. Mwanawe Bibi Halina alinisubiri getini asubuhi. "Mama ametutoka alfajiri," akasema, mkono ameshaunyoosha. Eish. Miaka mitatu nimemuuguza mama yake. Nikaomba karatasi ya kwenye friji tu.

Kiharusi kilimwondolea Kiingereza chote, kikamwachia Kipolandi cha utotoni. Dada wa hospitali anayefundisha wagonjwa kusema upya akatuandikia kwenye karatasi hiyo neno moja refu, amelikata vipande saba: po-roz-ma-wia-ły-byś-my. Maana yake, sisi wanawake tungezungumza. Kwetu "sisi" hutangulia; kwao huja mwisho kabisa, kwenye kipande cha saba, "my".

Kila siku nilimshika mkono tukagonga meza, kipande kwa kipande. Hakuwahi kufika cha saba. Kwenye cha sita pumzi ilikuwa ikimwishia, nami kwa haraka zangu nikimmalizia neno.

Jana jioni, kwenye cha sita, alinikazia macho. "Ngoja," akasema. Kwa Kiswahili! Neno langu mwenyewe, nililokuwa nikimwambia kila nikimgeuza kitandani.

Sikungoja. Teksi za abiria za kunirudisha nyumbani zilikuwa zinajaa.

Karatasi iko hapa mezani. Nimeanza kugonga peke yangu. Nikifika cha sita nasimama, nangoja.