Mume Wangu Ameanza Kuosha Vyombo, na Mimi Naogopa

Mama Nyanchoka, salamu zangu zikufikie. Mimi nashona nguo hapa Daraja Mbili, na nina shaka moyoni hata sijui nianzie wapi. Mume wangu Ogoti nimeishi naye miaka tisa, harusi hakuna na mahari hakuna, tuna wasichana wawili, Linet na Persis, na sisi wenyewe tulikubaliana kwamba hao wanatosha kwa sababu karo inatulemea na shamba la kwao kule Nyamache limegawanywa mpaka limebaki kama leso, kwa hivyo nikaenda zahanati nikawekwa kijiti cha kupanga uzazi mkononi, na yeye mwenyewe ndiye alinisindikiza.

Sasa mama, tangu Pasaka huyu mtu amebadilika, anaosha vyombo, ananiletea nyama ikiwa bado moto, ananiita mpenzi mbele ya watoto, Ogoti ambaye hata nikiugua alikuwa anauliza tu chakula kiko wapi! Nikajua kuna jambo. Juzi akaniambia, "Mama Linet, hicho kijiti kitoke, tutafute kijana, halafu Desemba napeleka ng'ombe kwa mzee wako." Ng'ombe gani, nikamuuliza, akasema ni wale walioletwa dada yake Maureen alipoolewa. Sabato mama mkwe naye akaja na mkungu wa ndizi, akanishika mkono palepale penye kijiti, akasema, "Mokamwana, wasichana ni wageni tu. Nani atabaki na mji?"

Halafu Maureen akaninong'oneza kwamba baba mkwe, mzee Ogari, anataka kutoa kipande cha chai alichojibakizia mwenyewe kando ya lami, na ameapa kitaenda kwa mwana aliyelipia mke wake mahari na mwenye mjukuu wa kiume, la sivyo atampa kitinda mimba wao, Bravin, ambaye hata hajaoa. Hapo nikakosa usingizi. Tena nikuambie ukweli, mimi nilikuwa nafurahia kutolipiwa, nikijua siku mambo yakiharibika nabeba wasichana wangu narudi kwetu na hakuna wa kudai ng'ombe wake. Wiki ijayo anataka kunipeleka zahanati. Je, nitoe kijiti au nikatae, naye aende akatafute kijana kwingine?

Mama Linet, Kisii

*

Mama Linet, pole sana, na ukishapoa nitakugombeza.

Shaka yako ina miguu. Mwanamume haanzi kuosha sufuria baada ya miaka tisa kwa sababu amegundua sabuni. Lakini umechungulia dirisha moja tu. Hao ng'ombe wa Maureen ni wa nani? Wewe ni binti wa Kisii, usijifanye mgeni: ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka yake mke. Na kaka ambaye hajaoa ni nani? Bravin! Mume wako anataka kuchukua mke wa Bravin na shamba la Bravin kwa mpigo mmoja, na atakayelaumiwa na ukoo mzima ni wewe uliyelipiwa ng'ombe wa mwingine. Na huyo Maureen anayekunong'oneza, umejiuliza anamlinda kaka yupi? Sisemi ni mwongo. Nasema hajakuja kwako kwa ajili yako.

Wewe nawe! Miaka tisa umejidanganya kwamba kutolipiwa ni mlango wa kutokea. Uliujaribu lini? Nyumbani kwa baba yako kuna chumba kinachokungoja, au kuna wake wa kaka zako? Umekaa na mtu bila kumuuliza lolote, halafu unashangaa anapanga mambo bila kukuuliza.

Ogoti si shetani. Mwenye shamba la leso akiona chai kando ya lami huchanganyikiwa, na labda anawaza karo ya hao hao wasichana. Basi aseme hivyo, mchana, mbele ya baba yake.

Fanya hivi. Zahanati wiki ijayo usiende. Mkono ni wako na hakuna mkutano wa ukoo unaoweza kuuamulia. Mwende nyote wawili kwa mzee Ogari, Bravin akiwepo, umsikie mwenyewe kwa masikio yako. Mzee akiwa hai humpa amtakaye, lakini mkumbushe kwa heshima kwamba sheria ya urithi ya nchi hii haimbagui msichana. Na mahari yakija, yaje kwa ng'ombe ambao Bravin hatawalilia.

Kabla ya yote hayo, mkiwa wawili tu, muulize Ogoti swali moja: "Tukizaa msichana wa tatu, tutampa jina la nani?" Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na nyanya waliotangulia ni wengi. Anayetaka mtoto atakutajia mmoja papo hapo. Akianza kukohoa, kijiti kikae hapo kilipo.