Mkate Nilionyimwa Kuung'ata

Shikamoo, Shangazi Hosiyat. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba wa hapa Rishton, mji wa wafinyanzi, nimemaliza shule mwezi uliopita, sijawahi kuandikia redio wala kunyoosha mkono darasani, lakini naomba unisaidie, kwa sababu tangu Jumapili nina jambo na sina wa kumwambia.

Julai nitafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, nataka udaktari, na mwaka mzima nimejiandaa kwa biolojia na kemia, nikirudia mitihani ya miaka iliyopita huku bibi akinishikia saa ingawa hajui kuisoma, yeye huhesabu kwa chai, birika likipoa anasema, "Kalamu chini, daktari." Mwalimu wetu wa biolojia, Mwalimu Saodat, alinichagua mimi na wenzangu kumi na mmoja kwenda ziara ya wanafunzi Korea kwa siku tisa, tukaone maabara na hospitali ya chuo, tukutane na wanafunzi wa huko, na wazazi wote wametia sahihi kwamba watoto watarudi. Tunaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Mama alifurahi kuliko mimi, akaninunulia koti zito, nami nikashangaa kidogo, koti la nini mwezi wa Juni, lakini sikuuliza.

Jumapili majirani walikuja kuniombea dua ya safari. Unajua kwetu msafiri huung'ata mkate, ukatundikwa ukutani kwa msumari, na akirudi anaumalizia. Bibi aling'ata hata alipokwenda mji mkuu, Toshkent, kung'oa jino. Basi akauliza mkate wa mtoto uko wapi, mama akajibu ni siku tisa tu, hakuna haja. Bibi akacheka, akasema mkaza mwanangu siku hizi ni bahili wa unga, akachukua mkate palepale tulipokuwa tunakula, akanisogezea mdomoni, na mama akaunyakua mkononi mwake mbele ya watu wote.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama chumba anachopakia sahani rangi, nikamwuliza nimekosa nini. Hakuinua macho. Akasema, "Mkate huung'ata mtu anayerudi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza polepole, kama anayenituma sokoni, kwamba siku ya nane mama mdogo Barno, anayeishi hukohuko Korea, atakuja hotelini, nitoke naye kama naenda kununua zawadi, nisirudi, kazi ya kiwandani inaningoja, na koti ni la baridi ya huko. Nikasema, na mtihani je? Akasema, "Udaktari miaka saba. Baba yako aliahidi miezi saba."

Shangazi, mkate wa baba uko ukutani mwaka wa sita huu. Alikwenda Urusi, akaoa hukohuko, na alama za meno yake bado zinaonekana.

Bibi hajui. Mwalimu Saodat hajui, na ndiye aliyetudhamini, alituambia mmoja wetu akipotea hakuna mtoto wa shule yetu atakayepelekwa tena popote. Nikimtii mama namsaliti mwalimu na mtihani wangu umekwisha, nikikataa kwenda nitatoa sababu gani bila kumwaibisha mama? Nikifungua kitabu nasoma mstari mmoja mara kumi. Mama husikiliza kipindi chako akipaka rangi. Sijui kama naogopa asikie au natamani asikie.

Mwenye koti, Rishton

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Miaka mingi nimesikia mengi kwenye kiti hiki, lakini mama kumpokonya mwanawe mkate wa safari, hilo sijapata kulisikia.

Nianze na wewe. Jambo zito kama hili umelifungia kifuani na bibi yako amelala chumba cha pili? Kuona haya ni adabu mbele ya wageni. Mbele ya shimo ni ujinga.

Leo hii mwambie bibi. Kesho mwende wote wawili kwa Mwalimu Saodat, mseme kila kitu, jina la mama mdogo likiwemo. Hilo si kumwaibisha mama yako, ni kumzuia asiaibike. Mwalimu akikuondoa kwenye ziara, kubali. Mtihani hauulizi umepanda ndege mara ngapi. Akikuruhusu, pasipoti yako akae nayo yeye, na mama mdogo akija, msalimie mwalimu akiwepo, basi. Ukitoka naye mlangoni utaishi bila kibali, kila askari utamkimbia, na huko kiwandani hakuna atakayekuuliza seli ya damu ni nini. Ziara ni kwenda kuona na kurudi kusimulia. Asiyerudi hakutembea, amepotea.

Sasa nawe dada, weka brashi chini. Najua unanisikia. Sikulaumu kwa kuogopa. Mkate aliokuachia mumeo umeutazama miaka sita, ukaona heri safari hii ujue mapema kwamba mtu harudi. Lakini binti huyu unamhukumu kwa meno ya baba yake. Yeye hajamwahidi mtu chochote akakivunja. Panda kitini, uteremshe mkate ule, uuloweke, uwape ndege, na mama mkwe wako awe karibu, maana aliyeondoka ni mwanawe. Kisha kanda unga. Kama hasafiri Alhamisi, atasafiri Julai kwenda mtihanini, na msumari uleule utatumika.

Na wewe, binti, siku hiyo ng'ata kipande kidogo tu. Kikubwa kiache ukutani, ukirudi utakila na chai, bibi akishika saa.