Niliwarusha Yangeyange wa Manyanda

Katumba, Mpanda, 9 Aprili 2025. Huu ni mwaka wa hamsini na tatu tangu nivuke mto Malagarasi kutoka Burundi.

Mshauri wangu, nina miaka sabini na mbili na naandika haya kwa aibu. Binti yangu Joséline aliniletea kamera yenye lenzi ndefu, ile inayomvuta ndege wa mbali hadi unyoya unahesabika, na tangu hapo nikawa natafuta picha moja tu, yangeyange wengi wakiruka kwa pamoja, lakini ukiwasubiri huondoka wawili wawili, na mkono wangu unatetemeka, nikichelewa kidogo napata mkia na anga tupu. Jirani yangu Manyanda, mfugaji, ana mkuyu kando ya kisima chake, yangeyange hutaga matawini mwake, na haruhusu hata kuni kuokotwa chini yake, maana anasema ndege wanaofuata ng'ombe wake ni sehemu ya zizi. Mwezi uliopita mama Kashinje, anayeamia kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wasiingie mpunga wa karibu, alikwenda nyumbani kula, nikachukua debe lake la kuwafukuzia pale dunguni, kwenye kichanja chake cha kulindia, nikalipiga mara tatu kwa nguvu, nikainua kamera, mti mzima ukafumuka mweupe, picha nikaipata. Kisha nikasikia makinda wakidondoka. Niliwahesabu kumi na mmoja, na mwewe wakashuka.

Manyanda aliita watu palepale kisimani, akamkabili Kashinje, aliyekwisha kurudi, kwa ajili ya debe lililosikika.

"Nyie wa mpunga, kwenu kila ndege ni kwelea!"

"Debe langu linalia kila siku toka Februari," Kashinje akajibu. "Hao ndege wako masikio yameota leo?"

Watu wakacheka, Manyanda akazidi kuwaka, akamkataza kuteka maji pale. Halafu akanigeukia. "Mzee Siméon, wewe ulikuwa huku na bomba lako la picha. Umeona nini?"

Nikasema, "Nilikuwa naangalia juu."

Sasa Kashinje anateka mtoni, mwendo wa saa nzima, na goti lake ni bovu, na bado ananiamkia vizuri, sijui kama anajua. Picha imetundikwa ukumbi wa parokia, napongezwa kila Jumapili. Mimi niliyekimbia kwetu kwa kusingiziwa, nimemwachia mwenzangu kosa langu. Mdogo wangu Jean-Marie ananiita nirudi kwetu Bururi, Burundi, begi nimeshafunga, nafikiri nimwandikie Manyanda ukweli nikishafika. Nikienda, sitarudi.

Siméon

JIBU

Shikamoo, Mzee Siméon. Nimekuhurumia, kisha nimekukasirikia. Kutamani picha si dhambi. Kupiga debe lile kulikuwa upumbavu, na wazee nao hupumbaa. Lakini pale kisimani uliulizwa mbele ya watu, ukachagua maneno ya kweli ili udanganye nayo. Hapo ndipo ulipoharibu.

Barua kutoka Bururi haimtui mtu ndoo kichwani. Na usidhani Kashinje hajui. Yeye ndiye anayejua hakuwa dunguni siku ile.

Anza kwake, kesho asubuhi, bila kamera. Usimweleze habari za mkono kutetemeka. Mwambie, "Ni mimi," unyamaze, akutukane mpaka achoke. Kisha mwende wote kwa Manyanda, aite watu walewale, useme kwa sauti ileile. Picha kaitoe ukumbini mwenyewe, na wanaokupongeza uwaambie ilivyopatikana. Ukitaka nyingine, kaa mbali na usubiri. Wakiruka wawili, piga wawili.

Kwenu ni kwenu, sikukatazi kwenda. Ila begi lifungue kwanza. Siku Kashinje atakapoteka maji kisimani kwa Manyanda, ndiyo siku ya kukata tiketi.