Mistari Minane ya Chaki

Kwa Baba Mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na shikamoo Mama pia, popote alipo sasa hivi, jikoni au uani. Naomba barua hii iwakute wazima, na lile goti lako la kushoto liwe limepunguza ugomvi wake. Sisi huku tupo, tunavuta siku. Mjukuu wako, huyu tunayemwita Chiriku kwa kelele zake, ameota meno sita na anatembea kwa kushika ukuta. Akiiona picha yako ananyoosha kidole na kusema “ba”. Usivimbe kichwa sana, Baba, maana na paka anamwita hivyo hivyo.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Mimi si mtu wa barua, kalamu niliiacha darasa la saba. Lakini miezi mitano imepita tangu uje kumwona mtoto na kuondoka bila hata kunywa maji, na tangu siku hiyo wewe na mwanao hamjasemezana. Nyumba yangu imekuwa na baridi ambayo blanketi haliwezi kuiondoa.

Siku ile naikumbuka yote. Uliinama kuitazama sakafu ya mbao ya chumba chetu, penseli ikakuponyoka sikioni, ikaingia kwenye ufa kati ya ubao na ubao, ikapotea. Kisha ukamwambia mwanao kwamba ulidhani umemfundisha useremala, kumbe umefundisha mtu kutengeneza nyufa. Ukachukua kofia yako.

Maneno yana miguu, Baba. Haukupita muda, mteja aliyetaka sakafu ya sebule akaja kuona mfano wa kazi, akaona nyufa zinazomeza kidole cha mtoto, akaaga kwa adabu na hakurudi. Kule karakana wenzake wakambandika jina, Fundi Chanuo. Akiingia tu wanaulizana nani leo hajachana nywele. Alicheka nao mwanzoni. Siku moja akarudi na sanduku la vifaa begani, akalifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda. Sasa anabeba mifuko ya saruji ghalani. Anarudi na kope nyeupe kama mzee wa miaka tisini, ananawa, anakula, anageukia ukuta. Nikimgusia randa ananiambia mbao zimemkataa.

Basi nyufa zile zikabaki za kwangu. Chiriku alikuwa anazilisha kila anachokipata, vifungo, maharage, hata kijiko changu cha chai. Upepo unapanda kutoka chini na kumpiga kifuani. Nikasema liwalo na liwe, nitaziziba mwenyewe. Kwanza nilichanganya unga wa msumeno na gundi nikazijaza, nikafurahi wiki tatu nzima. Kisha ukavu ukaingia, ule ujazo ukakatika vipande vipande, nikamkuta mtoto anatafuna kimoja kama biskuti. Nikashindilia kamba ya katani kwa kisu cha meza, yeye akaichomoa yote na kumvisha paka.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, yule fundi wa majeneza. Alinicheka kwanza, akasema wateja wake hawajawahi kulalamika kuhusu nyufa. Halafu akanionyesha kuchonga vibanzi vyembamba vya mti ule ule, kimoja kwa kila ufa, na kupaka gundi upande mmoja tu. Alisema ubao ni kama mtu, ukimbana pande zote mbili atapasuka, mwachie upande mmoja apumulie. Nimechonga vibanzi mpaka vidole vimeota sugu, Chiriku akiwa mgongoni ananivuta nywele. Penseli yako niliinasa kwa waya, nayo ndiyo ninayopimia.

Sasa, Baba, tafadhali kaa kitako.

Jirani aliniuliza kwa nini nyufa zote kubwa ziko upande wa dirishani, ilhali upande wa mlangoni mbao zimeshikana kama ndugu. Akasema hapo fundi aliweka mbao mbichi. Nilijibu sijui. Nilikuwa najua.

Unaikumbuka sheria uliyomfundisha mwanao: mbao za sakafu zipangwe kivulini zikauke, kila mwezi ukiandama kila ubao uchorwe mstari mmoja wa chaki kichwani, na pasiwe na ubao wa kuguswa kabla ya mistari minane. Alipokwenda kupaua ile shule mbali na hapa, kwa miezi saba, nilikuwa na mimba changa. Fungu la kwanza la mbao lilikuwa limeshafika na lina mstari wake. La pili lilikuwa lifike wiki ile ile. Akanikabidhi chaki mkononi, akasema wewe ndiye karani wangu.

Lile fungu la pili lilichelewa miezi mitano. Aliporudi lilistahili mistari mitatu tu. Mimi tumbo lilikuwa limenifika kidevuni, tunalala kwenye udongo wenye unyevu, na kila mwanamke aliyepita alinisimulia mtoto fulani aliyekufa kwa kifua. Nikajua akiiona ile mistari mitatu atasema tusubiri. Basi asubuhi ya siku aliyorudi nilishika chaki, nikachora yote iwe minane. Aliponiuliza kama mbao zilifika kwa wakati, nikasema ndiyo.

Aliinua ubao mmoja akasema mbona mzito. Akaugeuza, akahesabu mistari, akacheka. Akasema labda ni mikono yake iliyolegea, maana chaki ya mke wake haiwezi kusema uongo.

Hilo ndilo linaloniamsha kila siku, Baba. Mwanao hakukosea hata msumari mmoja. Alifuata ulichomfundisha mstari kwa mstari. Mkosaji ni mimi, na nimemwacha aitwe Chanuo miezi yote hii huku nikimpakulia chakula.

Nimejaribu mara tatu kumwambia, kila mara naishia kumwuliza kama ameshiba. Ndiyo maana naandika. Bahasha sijaifunga. Kesho nitampa yeye, maana hupita posta akienda ghalani, nami nitamwomba aisome yote kabla ya kuifunga. Akiichana, ni haki yake. Lakini ikikufika mkononi, Baba, ujue mwanao ameisoma, na mkono ulioifunga ni wake.

Nyufa zote nimeziziba isipokuwa mmoja, ule uliomeza penseli yako. Ni mrefu na umepinda, kisu changu hakiuwezi, unataka randa na mtu anayeijua. Nimeuacha wazi. Huenda mkaja kuutazama wawili.

Mpe Mama mkono wangu, mwambie Chiriku ana paji la uso kama lake. Goti likandwe kwa maji ya moto, usijifanye kijana.

Ni mimi mkazamwana wako, ninayekuomba radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu hii hii,

Mama Chiriku