Bunduki Aliyoitaka Kirimi

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi. Mgongo tena. Sungura wamekula mstari mzima wa maharagwe kule karibu na ua. Yalikuwa yametoka juzi tu, majani mawili mawili. Nimepanda upya peke yangu.

Mume wangu Kirimi alikuwa barazani na simu. Tangu astaafu uaskari wa msitu, na hasa tangu tumzike ndugu yake Mwiti, hapo ndipo anaposhinda. Niliporudi na jembe akaniambia amepata dawa ya sungura. Anataka kununua bunduki ya hewa. Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nikasema sawa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku hizi nyumba ina maneno. Anachagua bunduki kama mtu anayechagua ng'ombe. Kuna ya springi, ambayo lazima uivunje katikati kwa mkono kabla ya kila risasi. Ana bega bovu, lakini hiyo haihitaji kitu kingine. Kuna ya mtungi wa hewa. Imetulia, haina teke, lakini mtungi utajazwa wapi huku Ruiri? Halafu risasi zenyewe. Nyembamba huenda mbali, nene huangusha. Anataka nene. Anasema mnyama hafai kuteseka, unampiga kichwani au unamwacha aende zake. Akachukua mti wa ufagio, akanionyesha jinsi ya kutuliza pumzi kabla ya kufyatua.

Alikula sahani mbili za githeri. Ni miezi sijaona hivyo.

Nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi na nikaogopa, na sijui kipi kilitangulia.

Jumanne, 28 Oktoba

Meru mjini, kituo cha polisi. Vumbi, foleni, miguu imevimba. Afisa ni kijana mwenye adabu. Kirimi akamwambia anataka kuwinda sungura na kanga, vile baba yake alikuwa akiwinda.

"Mzee, kuwinda kulipigwa marufuku zamani. Hata sungura. Hata akiwa kwa shamba lako."

"Na maharagwe yangu?"

"Hiyo peleka kwa watu wa wanyamapori. Na bunduki ya hewa, kwa sheria yetu, ni bunduki tu. Ukipatikana nayo bila cheti unaingia ndani."

Nikashusha pumzi. Nilidhani imeishia hapo. Kirimi akauliza kama anaweza kuiomba kwa kulenga shabaha na kuua panya ghalani. Afisa akasema aombe, yeye haahidi kitu. Panatakiwa cheti cha tabia njema, barua ya daktari, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani. Na watakuja nyumbani waongee na mke.

"Mke hana shida," Kirimi akasema, akacheka.

Mimi sikucheka.

Jumapili, 2 Novemba

Fundi alileta sefu jana. Ameifunga chumbani kwetu, ukutani, upande wangu wa kitanda. Barua ya daktari tayari iko. Alimpima macho na presha, basi. Hakumuuliza analalaje.

Mimi najua analalaje. Halali.

Mwezi wa nane, baada ya matanga ya Mwiti, tulikuwa jikoni wawili tu. Akasema, "Mama Makena, siku moja nikilala nisiamke, usilie sana." Nikamwambia aache upuzi, nikaendelea kumenya viazi. Sijamwambia mtu. Mwenyewe nimechoka, maneno kama hayo niyaweke wapi?

Leo kanisani pasta alihubiri muda mrefu. Sikusikia chochote.

Jumatano, 5 Novemba

Amempa jirani saa yake ya mkono. Ile aliyopewa alipostaafu. Nikamuuliza kwa nini, akasema haina kazi kwake. Jioni akanionyesha hati ya shamba iko wapi, ati nisije nikahangaika.

Asubuhi sungura walikuwa wamemaliza mistari mingine miwili. Nilimwita aje aone. Hakuinuka. "Waache wale," alisema.

Mtu aliyeleta habari ya bunduki kwa sababu ya maharagwe. Waache wale.

Nilisimama katikati ya shamba. Nikajikalia chini kama mgonjwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Ng'ombe ana matiti yaliyovimba. Maziwa yamemwagwa. Sefu iko wazi, tupu, naiona kila nikigeuka. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 10 Novemba

Afisa alikuja. Yule yule kijana. Alikunywa chai, akaangalia sefu, akaisifu. Kirimi alijibu maswali yote vizuri. Mtu amebeba bunduki ya serikali miaka mingi bila doa, atashindwa na nini? Kisha afisa akaomba kuongea na mimi nje. Tukaenda hadi zizini.

"Mama, hii nyumba iko na amani?"

"Iko."

"Mzee anakunywa?"

"Hapana."

"Na wewe, uko sawa bunduki ikikaa hapa?"

Ningesema ndiyo. Ningebaki na mume anayeongea mezani, anayekula. Kukataa ni kumrudisha kwenye kile kiti cha barazani. Nilijua hivyo.

"Usimpe," nikasema.

Akangoja.

"Si mtu mbaya. Hajawahi kuninyooshea mkono. Lakini tangu ndugu yake afe hayuko sawa. Anasema amechoka na maisha. Ameanza kugawa vitu vyake. Tafadhali, usimpe."

Hakuandika kitu. Aliniangalia kama mtoto wangu angeniangalia. Akauliza kama kuna mtu wa familia ninayeweza kumpigia simu.

"Binti yetu. Ni mwalimu, yuko Embu."

"Mpigie leo, mama. Usingoje ofisi iamue."

Nikampigia nikiwa bado zizini. Makena alilia, kisha akauliza tu: dawa za kunyunyizia ng'ombe ziko wapi? Nikampelekea jirani zote. Na kamba. Makena anafika kesho.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa simu ya polisi, wala kwa mtoto wake.

Alikuwa chumbani, anafungua mlango wa sefu na kuufunga. Nikasema, "Hutapewa bunduki. Ni mimi nimekataa."

Hakupiga kelele. Alitoka, akapita barazani, akaenda hadi shambani. Nilimfuata. Akakaa chini kwenye udongo, nami nikakaa. Jua lilikuwa kali.

Kisha akauliza, "Ulijuaje?"

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza nilijuaje.

"Nilikuita uone maharagwe, hukuja."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Sijawahi kumwona akilia tangu anioe, hata kaburini kwa Mwiti hakulia. Mimi sikulia. Sikuwa na nguvu ya kulia. Nilimshika shati tu, mgongoni, kwa nguvu, mpaka tukasikia Makena akiita langoni.

Alhamisi, 13 Novemba

Embu, kwa Makena, mtaa wa Dallas. Jirani amebaki na ng'ombe. Leo tumeenda kliniki. Daktari ni mama wa makamo, hana haraka. Alikaa na Kirimi mlango umefungwa, mimi na Makena kwenye benchi. Kirimi ametoka na dawa na siku ya kurudi.

Polisi walipiga simu tukiwa njiani. Ombi limekataliwa. Kirimi alisikiliza, akasema asante, akarudisha simu mfukoni.

Hanisemeshi. Ana hasira na mimi. Heri hasira. Mtu mwenye hasira yuko hapa.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku mbaya. Hakutoka kitandani. Alisema dawa zinamkausha mdomo na haoni zikisaidia. Makena akampigia daktari, akaambiwa ni mapema, tusiziache. Nilikaa naye kutwa. Kuna wakati nilimchukia. Nimeandika, imetoka.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Kirimi aliamka kabla yangu. Nilimkuta sebuleni anapiga pasi shati lake la kanisa. Akaniuliza, bila kuniangalia, "Nguo yako iko wapi?" Nikampa. Akaipiga pasi polepole, hata mikono.

Hajapona. Daktari amesema ni safari ndefu. Anaongea kidogo, usingizi umeongezeka kidogo. Jana aliniambia ndoto ambamo alimwona Mwiti, mpaka mwisho wake.

Baada ya chakula nilijinyoosha kwenye kochi la Makena, nikasema ni dakika moja. Nilipofungua macho nilikuwa nimefunikwa blanketi, na viatu vyangu vilikuwa vimevuliwa. Kirimi alikuwa kwenye kiti cha karibu, anasikiliza mvua.

Nikataka kuinuka niweke chai.

"Lala tu," alisema. "Mimi niko macho."

Nikalala tena.