Kioo Kisicho na Chaki

Shemeji wangu mpendwa,

Huko ulikolala kando ya reli hakuna posta, najua. Hata hapa Likasi posta imebaki milango tu. Lakini dada yangu, yaya Odile, anarudi Alhamisi pamoja na mwanao Kapinga, na kabla mke wako hajakanyaga uwanja huu nataka wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Gari lilikuwa lako, na kosa ni la kwangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza magari uani kwako Shituru, baada ya karakana yetu kufungwa? Vipuri hakuna, pesa hakuna, basi tunatoa hapa tunaweka pale. Ukatunga sheria moja tu. Anayetoa kitu kwenye gari aandike kwa chaki kwenye kioo cha mbele: ametoa nini, na jina lake. "Mwenye anatosha pièce, anaandika," ulisema. "Kama haandike, kesho mwenzake atafungula moteri ya bure." Chaki alituletea dada yangu kutoka shuleni, mwalimu asiyelipwa. "Mushahara yangu njo hii," alisema akitikisa boksi, na tukacheka. Siku zile bado tulikuwa tunacheka.

Gari lako mwenyewe lilikuwa haliguswi. Lile jeupe la otomatiki alilokuachia injinia Mbelgiji alipokimbia baada ya askari kupora mji. Taa za nyuma zilikuwa zimepondwa, lakini moteri nzima, bwati ya gia nzima, mafuta yake mekundu kama mapya. Ulilifuta vumbi hata siku ambazo hatukutia kitu tumboni.

Basi siku moja umekwenda kiwandani kuuliza habari za mshahara, akaja yule dereva wa samaki wa ziwa Tshangalele. Askari walikuwa wanamsumbua kila kizuizi kwa sababu taa zake za breki haziwaki. Swichi ilikuwa imeungua, ile ndogo inayokaa juu ya pedali ya breki. Alinionyesha kikapu cha samaki. Wiki ile nzima tulikuwa tumekula bukari ya mahindi kwa chumvi tu, na Kapinga alikuwa ameanza kuvimba miguu. Nikainama chini ya usukani wako, nikaitoa swichi yako, nikampa. Nyaya za taa nikaziacha hivihivi, maana taa zenyewe hazikuwapo. Zile mbili zinazokwenda kwenye bwati, kuijulisha kwamba mguu uko kwenye breki, nikazisokota pamoja, nikafunga utepe. Nilijiambia nitapata swichi nyingine kabla hujajua. Kwenye kioo sikuandika kitu.

Samaki tulikula wote. Ulilamba vidole, ukanisifu mbele ya dada yangu kwamba sasa nimekuwa mwanaume wa kutegemewa.

Haikupita wiki gari likaanza kukuzimikia. Kwenye mwendo mzuri linakwenda, ukikanyaga breki ghafla, puu, kimya. Ulimwaga mafuta ya bwati ukayanusa, hayakuungua. Ulisafisha chujio. Mwisho ukaniita tukapime kwenye njia ya Kapolowe, na hiyo safari ninayo kichwani mpaka leo.

Ulisubiri bwati ipate moto. Kwenye sabini ukaniambia nisikilize. Konvertisa, ulinieleza kwa mara ya mia, ikishika mwendo inajifunga, moteri na bwati vinazunguka kama kitu kimoja. Ukigusa breki lazima ijifungue, la sivyo magurudumu yakisimama yanaiua moteri. Mguu wa kulia ukauacha palepale kwenye mafuta, wa kushoto ukagusa breki kidogo sana, kama mama anayepima maji ya kuogesha mtoto. Hapo sauti ya moteri ilipaswa kupanda. Haikupanda. Ulirudia mara nne.

"Inakamata, haiachilie," ulisema. Kisha ukanigeukia kwa lile jina lako la kuniita shemeji. "Beau, hakuna muntu aligusa huku?"

"Hapana," nikasema. "Minye sikuona muntu."

Hukuinama kuangalia chini ya usukani. Wewe uliyemkagua kila fundi hukuinama, kwa sababu kioo kilikuwa kisafi na mimi nilikuwa ndugu wa mke wako. Ukasema konvertisa imekufa ndani, na kupata nyingine Likasi ni ndoto.

Halafu ukaja ule wakati wa kuwafukuza watu wa Kasai kama wewe. Vijana niliocheza nao mpira walipita nyumba kwa nyumba. Mimi mtu wa Kapolowe waliniacha nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Dada yangu akasema tuondoke wote kwa gari mpaka Zambia kwa shangazi. Ulifikiri siku nzima, nikiwa nimekaa pale. Ukasema vizuizi ni vingi, na gari likizimika mbele ya wale vijana mtoto ataona mambo asiyopaswa kuona. Afadhali treni ya kwenda Kasai. Hapo nilipaswa kufungua mdomo. Niliogopa macho yako, shemeji, hakuna sababu nyingine.

Mlingoja treni majuma sita pale gare, nje ya stesheni, chini ya turubai, mvua juu, bomba moja kwa maelfu ya watu. Kila asubuhi walitolewa maiti waliofungwa kwenye vitenge. Nilikuletea bukari, na tayari tumbo lako lilikuwa linakataa. Siku ya treni ulinipa ufunguo. "Ukiuzisha hii motoka, umuambie muntu kwanza: konvertisa ilikufa. Usimudanganye." Nikaitika ndiyo.

Barua ya dada ilinifikia kwa mkono wa mchuuzi. Ulikuwa umekufa njiani kwa kuhara, wakakuzika karibu na reli, treni ikiwa inapiga honi.

Swichi nilikuja kuipata kwenye gari bovu. Kuiweka kulinichukua muda wa kuvuta sigara moja. Nikaenda njia ya Kapolowe, kwenye sabini nikagusa breki kwa mguu wa kushoto, moteri ikapanda vizuri. Nikasimamisha ghafla mara kumi, mara ishirini. Halikuzimika hata mara moja. Lingewafikisha Zambia. Mbele ya misheni ya Kapolowe nililia kwa hasira, nikijitukana matusi ambayo usingeniruhusu kuyasema mbele ya mwanao.

Watu wamekuja kulinunua, nikakataa. Jana, petroli ikiwa imekwisha, nimelisukuma hadi mbele ya mlango, uso wake ukiangalia njia anayojia dada. Chaki zilibaki tatu kwenye lile boksi lake. Nimeandika kwenye kioo, kwa herufi kubwa: swichi ya breki, na jina langu. Chini yake nikaongeza: konvertisa ilikuwa nzima.

Dada yangu ni mwalimu. Ataisoma kabla hajanisalimu.

Lala, shemeji. Sikuombi unijibu.

Mimi,
ndugu wa mke wako